Dotto wa Kwenye Kalenda

Asubuhi ambayo mwenyekiti wa kikundi alifika na fomu, Imelda alikuwa uani akipukuchua mahindi. Dotto alikaa miguuni pake akiokota punje zilizoruka, na Kulwa ndiyo kwanza alikuwa anatokea bombani na ndoo kichwani. Ilikuwa Jumatano, mwezi wa sita. Treni ya mizigo ilikuwa imekwama stesheni ya Kidete tangu alfajiri, na watu walishachoka kuizunguka, wakawa wanapita chini ya mabehewa na mizigo yao.

"Shikamoo mama," Imelda alisema.

"Marahaba. Nina nafasi moja," alisema Mama Getrude, akaketi juu ya kinu kilicholazwa.

Akaeleza. Kuna wafadhili wametoa ruzuku ndogo kwa ajili ya watoto walioachwa na Ukimwi. Kikundi cha akina mama wa Kidete kimepewa watoto ishirini. Mtoto atapata sare, madaftari na sabuni, na kila mwezi kiroba cha unga na mafuta ya kula, mpaka amalize darasa la saba. Ila kila kaya mtoto mmoja, ili kaya nyingi zifikiwe.

"Na kwenye sababu tuandike Ukimwi, mwanangu. Tusiandike homa wala kifua. Kuna mtu aliandika amerogwa, fomu ikarudishwa."

Imelda hakuwa na ubishi na hilo. Shemeji yake Shimba alitangulia, na mwaka uliofuata dada yake Milembe akamfuata, akiwaacha mapacha wa kike wana miaka mitano. Sasa walikuwa na saba. Imelda mwenyewe alikuwa na ishirini na minne, na mtoto mchanga mgongoni.

"Lakini hawa ni mapacha, mama. Mmoja namwandikaje?"

"Ningekuwa na uwezo ningewaandika wote. Sina. Wewe taja jina."

Imelda akawatazama. Kulwa alikuwa ametua ndoo peke yake bila kumwaga. Dotto alikuwa na punje ya mahindi kwenye kila kiganja na haelewi aziweke wapi. Imelda akajisemea moyoni kwamba huyu mmoja anajiweza.

"Dotto," alisema.

Kutoka ndani, Bibi Kishiwa, mama yake Imelda, akasema kitu kirefu kwa Kisukuma. Mama Getrude, ambaye ni Mkaguru, akauliza bibi anasemaje. Bibi alikuwa amesema kwamba mapacha hawapewi kitu kimoja kimoja. Ukimpa mmoja, atasimama hapo hapo kumngoja mwenzake.

"Anakusalimia," alisema Imelda.

Wiki mbili baadaye akaja mratibu kutoka Morogoro, kijana mpole aitwaye Oliver, kupiga picha. Dotto alivaa sare mpya. Kulwa alisimama pembeni yake kama alivyozoea kusimama tangu azaliwe.

"Huyu mwingine asogee kidogo," Oliver alisema.

Kulwa akasogea. Oliver akaangalia kwenye kamera, akaomba asogee tena, na tena, mpaka akawa nyuma ya jiko. Dotto akaambiwa acheke. Jino lake la mbele la juu lilikuwa linalegea, akalisukuma kwa ulimi, na picha ikapigwa hivyo hivyo. Ilitoka nzuri kiasi kwamba mwaka uliofuata wafadhili waliiweka kwenye kalenda yao, ukurasa wa mwezi wa sita. Kikundi kililetewa nakala mbili. Imelda aliitundika moja ukutani, juu ya mtungi.

Tangu siku ile Dotto hakukua.

Mwaka wa kwanza hakuna aliyejali, maana kuna watoto wa kuchelewa. Mwaka wa pili sare mpya ilikuja namba ile ile, ikamkaa vizuri. Mwaka wa tatu Kulwa alikuwa amempita kichwa kizima. Nesi wa zahanati alimpima Dotto damu, akampima minyoo, akakuta hana kitu, akaandika kwenye kadi "kama awali". Mwalimu Bonifas alimpandisha darasa mara mbili, akaona hafikii ubao, akamrudisha la kwanza. Akili yake iliendelea kama kawaida, kwa hiyo mwalimu akawa anamwachia darasa akienda kikaoni. Watoto wa la kwanza wakazoea kumwamkia shikamoo, kwa kuwa umri ni umri, naye akawa anaitikia marahaba huku miguu inaning'inia kwenye dawati.

Kila Juni Oliver alikuja kupiga picha ya maendeleo. Ofisini kwao walifurahi, kwa sababu mtoto alitambulika mara moja.

Darasa la saba Dotto hakulifikia, basi na kiroba hakikukoma. Unga ule ulilisha nyumba nzima: bibi, Imelda, watoto wawili wa Imelda, na Kulwa mwenyewe. Mwaka ambao mto Mkondoa ulipanda ukachukua mahindi yote ya bondeni, hawakulala njaa, na majirani watatu walikuja kuomba bakuli. Imelda alikuwa anashukuru. Jioni akimwogesha Dotto alimpima kwa mkono, kutoka begani kwake mpaka utosini kwa mtoto, na akikuta ni pale pale alihisi nafuu, halafu aibu, halafu alimfuta mgongo.

Kulwa alifaulu darasa la saba. Kwenda sekondari kulitaka sketi, viatu, godoro na sanduku. Imelda alimwendea Oliver, na Oliver alifungua orodha yake kwa heshima kabisa akaitafuta kaya.

"Kaya hii ina mtoto tayari, mama," alisema. "Na anaendelea vizuri."

Kulwa akaenda kupalilia mpunga kwenye mashamba ya Kilangali, msimu wa kwanza na wa pili. Alipofikisha miaka kumi na sita akaenda Mikumi, akapata kazi kwa mama mmoja anayewapikia madereva wa malori kando ya barabara kuu. Huko kazi ilikuwa kuamka, kukaanga, kuosha sahani, na siku nyingine kungoja tembo wapite ndipo uende kuchota maji. Kila mwezi alituma vocha, Dotto akawa anaikwangua na kumpigia.

Mwezi wa nne, wakiwa na miaka kumi na minane, Kulwa alirudi Kidete bila kutoa taarifa. Mgongoni alikuwa na begi, na ndani ya begi magauni matatu ya saizi tofauti.

"Shikamoo mamdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa."

"Chipsi zinazobaki, mamdogo." Akakaa. "Nimekuja kumchukua Dotto."

"Umpeleke wapi mtoto mdogo vile? Barabara ile, malori yale?"

"Dotto siyo mtoto mdogo. Tuna umri mmoja."

"Na kiroba je?" Imelda alisema, akajuta kwamba hilo ndilo lililotangulia kumtoka.

Kulwa hakukasirika. Aliangalia kalenda ukutani, ambayo ilikuwa imefifia na bado ni mwezi wa sita.

"Mamdogo, siku ile ya fomu, kwa nini hukunitaja mimi?"

Swali hilo Imelda alikuwa akilitegemea kwa miaka kumi na moja, na jibu lake alikuwa nalo. "Uliingia na ndoo kichwani. Nikaona una nguvu. Nikaona mwenzio ndiye anayehitaji."

"Ile ndoo ilikuwa nusu," Kulwa alisema. "Ingejaa nisingeiweza."

Kwenye mkeka Dotto alifunga kitabu cha biolojia cha kidato cha pili alichoazima kwa mtoto wa stesheni masta.

"Mnanijadili kama sipo," alisema. "Mimi nakwenda. Miaka kumi na moja hili jino linataka kung'oka. Ulimi umechoka kulisukuma."

Waliondoka Alhamisi. Imelda alimwacha bibi na watoto wake kwa jirani, akawasindikiza, akijiambia kwamba mambo yakienda kombo atarudi na Dotto wake. Walipanda treni mpaka Kilosa, na kutoka Kilosa wakapanda basi dogo la Mikumi. Dotto alikaa mapajani kwa Kulwa, dirishani.

Hakukuwa na kitu mpaka walipofika Ulaya. Siyo Ulaya ya wafadhili, ni hii ya kwetu, iliyoko njia ya Mikumi, yenye soko na mashine ya kusaga. Hapo Dotto akapiga chafya, na jino likaangukia kwenye khanga ya Kulwa. Akaliokota, akalitazama pande zote mbili, akalirusha dirishani juu ya paa la duka, kama mtoto yeyote anavyofanya. Basi liliponyanyuka tena kifundo cha mguu kilikuwa kinaonekana chini ya gauni ambalo asubuhi lilikuwa linaburuzika.

"Unanilemea," Kulwa alisema baada ya muda.

"Vumilia."

Mama mmoja mwenye kuku wawili, aliyekaa kiti cha jirani, aliwaambia watu wa nyuma, "Sogeeni jamani, hapa kuna mtoto anakua." Watu wakasogea. Kulwa akatoa gauni la pili kwenye begi, Imelda akashika khanga kuwa pazia, Dotto akabadili.

Mikumi alishuka na kimo cha binti wa miaka kumi na mitatu, amechoka, magoti yanamuuma. Siku nne zilizofuata alikula, akalala, akalia kwa maumivu ya mifupa, akala tena. Imelda alikaa naye chumbani kwa Kulwa akimchemshia maharage na kumkanda miguu. Siku ya tano alfajiri aliwakuta wote wawili wamesimama mlangoni wanapiga mswaki, bega kwa bega, hakuna aliyempita mwenzake. Ilikuwa sura ya dada yake Milembe, mara mbili. Kwa miaka ile yote alizoea kuiona mara moja tu, na kwa Dotto alizoea kuona dalili tu kwamba nayo ingekuja kufika.

Alirudi Kidete peke yake. Bibi Kishiwa alimuuliza kwa Kisukuma kama Kulwa naye amepewa. Imelda akasema hapana, Dotto ameamua tu. Bibi akasema hilo nalo lipo, akageukia ukutani akalala.

Dotto hakutaka sahani na mafuta. Alikwenda kwa fundi cherehani mmoja pale Mikumi, Kasian, akaomba kujifunza, na kwa kuwa alikuwa na subira ya mtu aliyesoma darasa la kwanza mara kumi na moja, alijifunza upesi. Kidete kiroba kiliendelea kuja. Mwezi wa tano Imelda alikisainia, akasema mtoto yuko kwa ndugu.

Juni ikaingia. Mama Getrude alikuja na safari hii hakukaa.

"Wanakuja wenyewe, Imelda. Wafadhili. Wanamtaka yule wa kwenye kalenda."

"Dotto amekua, mama."

"Nimesikia, na nimefurahi kwa kweli. Lakini kwenye ripoti bado ni mdogo. Wasipomwona watasema tumewadanganya kwa wote. Watoto kumi na tisa, Imelda. Kati yao yumo mjukuu wa Beda, yuko kwenye dawa, anazimeza na ule ule uji."

Imelda alipiga simu akiwa kwenye tuta la reli, ambako mtandao unashika. Alieleza yote bila kupunguza, na bila kuomba. Upande wa pili cherehani ilikuwa inakwenda, ikasimama.

"Siku ngapi?" Dotto aliuliza.

"Mbili."

"Zisizidi."

Imelda alikwenda kuwapokea stendi ya Kilosa. Kulwa alishuka na Dotto mgongoni, amefungwa khanga, gauni la watu wazima limekunjwa mara tatu kiunoni.

"Imeanzia pale pale Ulaya," Kulwa alisema.

"Imeuma?"

"Kurudi kunauma zaidi," Dotto alisema kwa sauti yake ya zamani, na alipofungua mdomo jino lilikuwa mahali pake, linacheza.

Wageni walifika Jumamosi saa nne kwa magari mawili. Aliyewaongoza alikuwa mama wa Kizungu mwenye nywele nyeupe, na mkononi alishika kalenda ile ile, kingo zimelika. Oliver alitafsiri. Mama yule alisema ilikaa jikoni kwake miaka yote hii, na kila asubuhi akichemsha chai alimwombea mtoto huyu. Alipiga magoti kwenye vumbi bila kujali sketi yake, akamshika Dotto mashavu, akalia. Imelda aliona kwamba analia kweli, na akampenda.

"Anasema hujabadilika hata kidogo," Oliver alisema. "Anamshukuru Mungu. Anauliza, ukiwa mkubwa unataka kuwa nani?"

"Fundi cherehani," Dotto alisema. "Nimeshaanza. Sasa hivi nashona kola."

Oliver alitafsiri maneno mawili ya mwanzo. Wageni wakapiga makofi.

Kulwa hakuwa nyuma ya jiko. Alisimama mlangoni mwa nyumba, juani, mikono ameikunja, na yule mama aliponyanyuka macho yao yakakutana.

"Na dada huyu?"

"Pacha wake," Imelda alisema.

Oliver akalitafsiri neno hilo sawasawa. Mama wa Kizungu akamwangalia Kulwa, akamwangalia Dotto, akasema ni kweli, wanafanana mno. Akauliza kama naye alifiwa na mama.

"Mama yetu ni mmoja," Kulwa alisema.

Mgeni akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema maneno mengi kwa sauti ya chini. Oliver alisubiri mpaka amalize.

"Anasema anasikitika kutoka moyoni. Anasema ungekuwa mdogo wangekusaidia. Lakini umeshakuwa mkubwa mno."

"Mwambie asante," Kulwa alisema.

"Alikuwa mdogo," Imelda alisema.

"Unasemaje, mama?"

"Nasema alikuwa mdogo. Alikuwa mdogo siku ile ulipomwambia asogee."

Oliver alikuwa ameanza kuota mvi masikioni. Aliitazama karatasi yake, kisha jiko, kisha karatasi tena. Mgeni alimuuliza kitu, akamjibu kwa kifupi, mgeni akatabasamu.

"Nafasi ilikuwa moja, mama," alisema. "Si mimi niliyepanga."

"Najua. Na mimi ndiye niliyetaja jina."

"Mpaka leo ni moja."

"Najua, baba. Nimesema tu."

Picha ikapigwa. Safari hii Oliver hakumwomba mtu yeyote asogee, lakini mwaka uliofuata kalenda ilipokuja, Dotto alikuwa peke yake kwenye ukurasa, na begani kwake palikuwa na vidole vinne visivyo na mwenyewe. Ruzuku iliongezwa kwa miaka mitano. Kidete iliongezewa kaya sita, kila kaya mtoto mmoja. Imelda aliingizwa kwenye kamati, na yeye ndiye aliyepewa fomu azungushe. Alizizungusha. Kwenye nyumba yenye watoto watatu alikaa mpaka saa saba mchana bila kuandika, akarudi na fomu kwa Mama Getrude, akaulizwa kama anataka nyumba ile ikose kabisa. Akarudi tena, akaandika mmoja.

Kwa hiyo ikawa utaratibu. Kila Juni Imelda huenda Mikumi kumfuata Dotto, kwa kuwa mtoto wa umri ule huwezi kumwacha asafiri peke yake kutoka Ulaya mpaka Kidete. Kulwa hawezi tena kupata ruhusa. Amepewa jiko lote kulisimamia, na mabasi ya Mbeya hayangoji mtu.

Safari ya juzi Imelda alifika saa mbili asubuhi, akamkuta Dotto amesimama wima kwenye kizingiti cha duka la fundi, bila viatu, na Kasian anampima kwa futi ya kitambaa kutoka utosini mpaka kisiginoni. Humpima kila anapoondoka na kila anaporudi. Mara ya kwanza alirudi kamili. Mara ya pili alipungua upana wa kidole, na mara ya tatu kidole kingine, na chakula hakikusaidia. Sasa mtu akiwaona mapacha kwa nyuma anaweza kujua yupi ni Kulwa.

"Wiki mbili?" Kasian aliuliza, akikunja futi.

"Siku mbili za kule. Zinazobaki ni za kukua."

"Basi usichelewe kukua. Kuna magauni ya kipaimara kumi na manne, na mimi mishono ile midogomidogo siioni."

Dotto akacheka. Akachukua begi, ambalo ndani yake kulikuwa na gauni la mtoto, akaenda kumuaga dada yake barabarani. Waliongea kidogo, kuhusu luku na kodi ya chumba. Kulwa alikuwa na unga mikononi, akamkumbatia kwa viwiko.

Basi la Kilosa lilikuwa nusu tupu. Imelda alimwachia Dotto dirisha, akatandika khanga ya akiba kwenye kiti. Konda alikuja akihesabu vichwa. Akamtazama Imelda, akamtazama na binti aliyekaa pembeni yake, mtu mzima, mikono juu ya begi, akitazama nje.

"Mama, wewe nauli nzima. Na huyu?"

"Nzima mpaka Ulaya," Imelda alisema. "Kutoka hapo nusu."

Konda akapiga hesabu, akarudisha chenji, akaenda kiti kinachofuata.